Mzimu Aliyeniita Mchana

Mwongozaji wa filamu aliingia kibandani kwangu Kamwokya, hapa Kampala, siku moja asubuhi, akaniuliza kama ninaweza kushona gauni la mzimu. Mimi ni fundi cherehani. Nimeshona sare za shule, magauni ya harusi na gomesi za kila rangi, lakini mzimu sikuwahi kumpima.

"Si ya kutisha, nyabo," alisema. Alikuwa Mganda wa makamo, na Kiswahili chake alikipata kwa baba yake aliyekuwa askari. "Ni mtoto tu. Alikufa katika taoni ndogo, lakini watoto wenzake bado wanamuona. Wanacheza naye balabalani. Wakubwa ndio hawamuoni."

"Alikufaje?"

"Hapo ndipo sinema iko. Hakuna mwenye anajua."

Alinipa vipimo vya mtoto atakayeigiza, akaenda zake. Nilikata kitambaa bila hata kuchora. Drafti za kijani, kola nyeupe, vifungo mgongoni, mfuko mmoja upande wa kulia. Nilipolitundika ukutani, nilikaa nikaliangalia. Gauni lile nilikuwa nalijua.

Mji nilikozaliwa uko upande wa Kenya, si mbali na mpaka. Ulikuwa na barabara moja ya lami, kanisa, kinu cha mahindi na stesheni ya reli ambayo treni zilikuwa zimeshaisahau. Nililelewa na nyanya, mama yake mama. Jirani yetu alikuwa mzee wa kanisa, mtu mwenye sauti ya upole, na binti yake ndiye aliyekuwa rafiki yangu. Darasani tulikalia dawati moja.

Likizo moja rafiki yangu alikwenda na mama yake kwa wajomba zake, wasirudi. Baba yake akasimama kanisani akatangaza kwamba mtoto alipatwa na homa, amefariki, amezikwa huko huko, na mama yake amebaki kuomboleza. Tuliimba, tukaomba, tukaenda nyumbani. Hakuna aliyetuonyesha kaburi, basi sisi watoto tukakataa kumzika. Huyu alimwona stesheni akiruka kamba. Yule alimsikia akicheka ndani ya kinu kilichofungwa.

Mimi nilisubiri zamu yangu ifike. Ikafika Jumapili mchana, jua la utosi. Nilikuwa nimelala na surua, mji mzima uko kanisani, nyanya amebaki kuniuguza. Nikasikia mtu nyuma ya ua wa minyaa akiniita kwa jina la utani, lile tulilolijua sisi wawili tu. Nikainuka hadi dirishani. Kati ya matawi niliona drafti za kijani za gauni lake.

Nyanya alitokea jikoni mbio, akafunga dirisha, akaniziba mdomo. Kiganja chake kilinuka vitunguu.

"Usiitike," aliniambia sikioni. "Maiti akikuita mchana ukaitika, anaondoka na wewe. Na usimwambie mtu yeyote, hata mchungaji. Umesikia?"

Nilisikia. Tangu siku hiyo mtu akiniita sigeuki mpaka arudie. Hapa Kamwokya wateja wanadhani nina shida ya masikio.

Gauni nililipeleka mwenyewe Mbuya, ambako walikuwa wamekodi nyumba ya zamani yenye ua mpana iwe ndiyo mji mdogo wa sinema yao. Waliniomba nisubiri, wakihofia pindo. Mtoto akavalishwa, akakaa kwenye ngazi akila chapati ya mayai, kitambaa kimetandazwa mapajani asijichafue. Mwongozaji akamwita kwa jina la mzimu, naye akageuka. Mimi nilikuwa nimeshafika getini, na sikumbuki nilivyofika.

Kazi haikwenda siku hiyo wala iliyofuata. Nilishona mkono wa blauzi kinyume, nikaufumua, nikaushona kinyume tena. Mwishowe nikampigia simu kaka yangu, ambaye ni dereva wa lori na hupita mpakani kila wiki.

"Unamkumbuka binti wa mzee wa kanisa?" nilimuuliza. "Yule aliyefariki?"

"Nani kafariki? Huyo si yuko huko huko Kampala? Anauza mabegi ya shule soko la Nakivubo. Nimemsalimia mara nyingi."

"Na hukuniambia!"

"Aliniomba nisiseme nyumbani. Na mimi nilidhani wewe unajua."

Nakivubo nilizunguka mpaka soli za viatu zikawa moto. Watu wananigonga kwa mizigo, wananivuta mkono ninunue soksi, nami ninatazama nyuso za wauza mabegi. Nilimtambua kwa namna alivyokuwa akiuma mdomo wa chini akifikiri, kama alivyofanya darasani. Alikuwa mama mnene kiasi, kichwa kimefungwa kitambaa. Nikasimama mbele yake nikamwita kwa jina lake la utani.

Aliliweka chini begi alilokuwa ameshika. Kisha akasema, "Wewe ndiye uliyekataa kuniitikia."

Tulikaa juu ya marobota ya mabegi. Nikamweleza surua, dirisha, maneno ya nyanya. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa, halafu kicheko kikakatika.

"Nyanya yako hakuniogopa," alisema. "Yeye ndiye aliyetufungulia nyumba."

"Nyumba gani?"

"Yetu. Baba alikuwa akimwachia ufunguo afagie. Mama alivunjwa mkono, ukapona, ukavunjwa tena. Ndipo tukatoroka. Baba aliona ni nafuu kunizika mimi kuliko kusema mke wake amemkimbia. Lakini mama alikuwa ameacha kitambulisho na vyeti vyake vya ualimu, bila hivyo hapati kazi. Nyanya yako akatuma neno: njooni Jumapili, wakati yuko kanisani. Niliambiwa nikae kimya nyuma ya ua. Nikashindwa. Nilitaka kukuaga."

Nyanya alifariki zamani, na kwa miaka yote ile nilimhesabu kuwa mwanamke mshirikina aliyenijaza woga. Kumbe mzimu aliutengeneza yeye, palepale, mkono ukinuka vitunguu, ili mtoto mwenye homa asiropoke mbele ya mzee wa kanisa. Nilimshukuru moyoni. Nilimkasirikia pia, maana usingizi wangu wa utotoni aliutoa sadaka bila kuniuliza.

"Ulirudi mara ngapi?" nilimuuliza rafiki yangu.

"Mara moja tu. Kwa nini?"

Nilikuwa nikiwafikiria wale watoto wa stesheni na wa kinu, walioapa kwamba alikuwa huko.

Ningependa kusema kwamba nilipojua ukweli nilitulia. Sikutulia. Tunapigiana simu, tunatembeleana, watoto wake wananiita mama mdogo, mama yake ananiita mwanangu. Hata hivyo mtu akiniita mchana, moyo huruka kwanza, akili hufuata baadaye.

Desemba nilikwenda nyumbani. Baada ya ibada mzee wa kanisa alinijia nje, amekonda, ameshika fimbo, sauti ni ile ile ya upole. Nilimpa mkono. Sikujua kama ninamchukia au ninamwonea huruma, na bado sijui.

"Wanasema uko Kampala," alisema. "Mji mkubwa. Hukutani na watu wa huku?"

"Nakutana nao, mzee. Wachache."

Hakuachia mkono wangu. Watu walikuwa wakitupita, mtu mmoja akamwamkia, asiitikie. Midomo yake ilijaribu neno, ikaliacha, ikajaribu tena.

"Wazima?" aliuliza.

"Wazima, mzee."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu. Niliuvuta mkono wangu, nikaondoka kwa haraka kuliko adabu inavyoruhusu.