Wingu la Jumatano ya Majivu

Juzi, nikisubiri zamu yangu kwenye kaunta ya studio ya picha hapa Sumbawanga, fundi alimwonea huruma mwalimu mmoja, mama wa makamo.

“Mama, filamu yako imeungua. Nimesafisha picha moja, nayo ina doa. Nitupe?”

Mama akaisogeza picha hadi puani, akapiga kigelegele. “Usitupe, baba! Doa hilo ni wingu linalong'aa kati ya nyota! Nimelitafuta kwa miezi kadhaa uani kwangu, taa za baa ya jirani zinalificha. Nililipiga usiku mmoja tu zilipozimwa.”

“Nani kazizima?”

“Mwenye baa. Jumatano ya Majivu hafungui.”

Baa hiyo naijua. Jioni ile, nikiwa bado na majivu kwenye paji la uso, niligonga mlango wake nikinung'unikia giza. Namshukuru Mungu hakuna aliyenifungulia.