Maisha ya Mtakatifu Kimya, Aliyepaza Sauti Stoo

Alizaliwa alfajiri ya Jumapili ya Matawi, katika chumba cha kupanga nyuma ya kiwanda cha nguo, mtoto wa nne wa mama mshona vifungo na baba mpakia mizigo. Hakulia. Mkunga alimpiga makofi mgongoni, akamgeuza kichwa chini miguu juu, wapi! Mtoto alimtazama tu kama mtu aliyekatizwa usingizi. Bibi yake akasema huyu anatunza maneno yake, akamwita Kimya, na jina likamganda. Baadaye watu walilitumia jina hilo kumziba mdomo, wakidai Mungu mwenyewe alimnyamazisha tangu tumboni. Uongo mtupu. Mungu hampi mtu mdomo uwe pambo.

Tangu usichana alipenda sala, akafagia kanisa kila Jumamosi bila kutumwa. Siku ya kipaimara chake aliomba neema moja tu: asimwogope mwanadamu kuliko Mungu. Baba yake alipofariki aliingia kiwandani, akawekwa kwenye kola za mashati. Mashine za ukumbi ule zilinguruma hata mtu na jirani yake wasisikilizane, ndipo mafundi wakawa na desturi yao. Sindano ikimchoma mtu kidole, anayeona kwanza hupaza neno moja, "Sindano!", kwa sauti ya kutoka tumboni, wengine hulipokea na kulipeleka mbele, mpaka fundi umeme ashushe swichi kuu. Neno hilo hakuna aliyelichezea.

Msimamizi wa ukumbi alikuwa mtu wa tai na tabasamu, anayekaa benchi la mbele kanisani. Aliwatuma wasichana stoo kuchukua vitambaa, kisha akawafuata. Walitoka humo macho mekundu, na walipowaeleza wakubwa waliambiwa, vumilia mwanangu, kazi ni kazi. Jamani! Mbwa aking'ata hufungwa mbwa. Huyu aling'ata, wakafungwa midomo walioumwa.

Jumanne moja ya Kwaresima alimtuma Kimya. Alipoinama kwenye majora ya kitambaa alisikia komeo likisukumwa nyuma yake, na mkono ukamshika gauni begani. Ulimi ulimkauka kama kipande cha chaki. Hakutukana, wala hakubembeleza. Alisimama wima akamtazama usoni.

"Baba, umenishika gauni. Niachie, ufungue mlango."

Msimamizi akacheka. "Kumbe Kimya anaongea. Nani atakusikia humu, bibie?"

Basi akavuta pumzi kutoka alikozivutia siku zote za sala, akapaza, "Sindano!" Fundi wa vifungo, aliyeketi nyuma ya ukuta wa mbao, akalipokea, likaruka benchi hadi benchi, na swichi ikashushwa. Ukumbi wote ukatulia. Katika utulivu ule Kimya alisema, bila haraka, kila neno likisikika hadi lango la nje: "Dada zangu, niko stoo. Msimamizi amefunga mlango kwa ndani. Amenishika gauni, nami nimemkataza."

Komeo lilifunguliwa upesi kuliko lilivyofungwa.

Sasa sikieni maajabu ya wanadamu. Aliyefukuzwa kazi ni Kimya. Eti aliongopa, kwa kuwa hakuna sindano iliyomchoma mtu! Mzee wa kanisa alikwenda mpaka chumbani kwao, akanywa chai ya mama yake, kisha akamshauri binti aombe radhi ili arudishwe kazini, maana mtu mtakatifu hunyamaza. Mama alimwangalia mwanawe kwa macho ya njaa ya nyumba nzima. Kimya aliweka kikombe chini.

"Mzee wangu, neno lile tuliliweka ili kidole kisipotee. Mimi mzima sina thamani ya kidole?"

Mzee hakumaliza chai. Mama akaondoa kikombe chake, akasema, "Hatutaomba radhi." Kuanzia hapo Kimya alishona mlangoni kwake, na kila Jumapili baada ya ibada aliwakusanya wasichana akawafundisha kusimama imara na kusema: Simama hapo. Sitaki. Rudi nyuma. Wenye midomo waliwaita kwaya ya makelele. Yeye akawajibu kwamba kwaya yao ina nafasi, waje waimbe besi. Wasichana wa stoo, wakisikia vile, walianza kusimulia mmoja mmoja yaliyowapata humo, mpaka msimamizi akaondoka kwa mlango wa nyuma.

Kimya alifariki Ijumaa, mapafu yamejaa vumbi la pamba, akiwaombea hata waliomwita mwongo. Waumini wa mtaa ule husimulia kwamba baadaye msichana mmoja alikabwa uchochoroni, ulimi ukamfia kinywani. Akamkumbuka Kimya moyoni, na sauti ikamtoka kubwa hata madirisha ya ghorofa yakafunguka yote, na mshambuliaji akakimbia akiacha kiatu.

Wako wanaotaka habari ya stoo ifutwe, libaki fagio la Jumamosi. Haifutwi. Anayetaka kumwiga mtakatifu huyu asifikiri inatosha kufagia kanisa. Binti akikujia akisema, "Nilipiga kelele," usimuulize kwa nini alipiga kelele. Muulize nani alimshika, kisha vaa viatu mwende pamoja.