Alasiri ya Pili ya Bibi Jirani

Diski ya Mwalimu ilianza kugonga. Aliniambia kwa simu kwamba kompyuta inatoa mlio kama mtu anayebisha kwa ukucha, na asubuhi iliyofuata nikapanda gari Masasi kwenda Newala, diski mpya ikiwa kwenye begi. Sikuwa na hofu. Kompyuta ile niliiunga mwenyewe, nikaiwekea mfumo wa Unix niliojifunza kwa kusoma na kukosea, nikaiandikia na programu ndogo ya kuweka nakala. Kila Mwalimu alipomaliza kuandika, programu iliangalia saa ya nakala iliyopita, kisha ikachukua faili zilizoandikwa baada ya saa hiyo tu na kuziweka kwenye diski ya nje. Za nyuma haikuzigusa.

Mwalimu ni mama mstaafu, anaishi pale na mumewe. Alikuwa akikusanya masimulizi ya wanawake wazee waliokuwa wakiteremka bondeni kuchota maji na kupanda nayo kichwani. Kila mmoja ana faili yake. Hakurekodi sauti, wao walisema, yeye akaandika.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, fundi. Mgonjwa wako yumo ndani, anaugulia tangu alfajiri.”

Nikaiwasha. Ikagonga mara tatu, ikanyamaza, ikagonga tena. Nilichomeka diski ya nje, nikalinganisha majina ya faili kwenye diski zote mbili. Yalikuwa sawa, jina kwa jina. Nilikuwa nimeshika bisibisi kuitoa ile mbovu, Mwalimu akaniomba nimfungulie kwanza nakala ya bibi jirani, mmoja wa wale wazee.

“Nataka kumwona tu. Tumemzika juzijuzi.”

Nikamfungulia. Alisoma taratibu, akafika mwisho upesi mno.

“Hii ni ya siku ya kwanza. Alikuja alasiri mbili. Ya pili iko wapi?”

Nikaweka bisibisi chini. Niliifungua kumbukumbu ya programu: kila siku imeandika kwamba imemaliza salama. Kwa muda mrefu nilikuwa nikiisoma kumbukumbu ile na kuridhika. Sikuwahi hata mara moja kufungua kilichonakiliwa. Niliinuka, nikaenda dirishani, nikarudi. Diski ikagonga. Isingeweza kusomwa yote. Nilihitaji kujua faili zipi zimepungua, nichukue hizo tu, na nichukue upesi. Majina yasingeniambia.

Nikaiuliza diski mbovu muhuri wa saa wa faili ya bibi, yaani lini iliandikwa mara ya mwisho. Ikaonyesha 09:50.

“Siku ya pili alikuja asubuhi?” nikauliza.

“Asubuhi yuko shamba, atakujaje? Alasiri.” Akainama kwenye kioo. “Si hiyo hapo, saa tisa na dakika hamsini? Umeme ulikatika mchana, ukarudi, nikaweka saa, yeye akaingia.”

Nilimtazama. Mimi pale niliona saa nne kasoro dakika kumi, asubuhi.

Betri ya saa ndani ya kompyuta ilikufa zamani, kwa hiyo kila umeme ukikatika lazima mtu aiweke saa kwa mkono. Nikauliza nani huiweka.

“Asubuhi mimi,” mumewe akajibu kutoka barazani. “Naitoa kwenye simu.”

“Mchana mimi,” alisema Mwalimu. “Redio ikisema saa tisa, naandika tisa.”

“Kompyuta huandikiwa kumi na tano,” mumewe akasema.

“Mzee, tangu lini siku ikawa na saa kumi na tano alasiri? Sikukufundisha mimi, ningekuchapa.”

“Haya, mama redio.”

Wakacheka. Mimi sikuweza. Siku ile ya pili ya bibi, asubuhi, mumewe aliweka saa sahihi. Mwalimu akaandika asubuhi, akaweka nakala saa sita mchana. Umeme ukakatika. Uliporudi, saa ikawekwa tisa, nyuma ya nakala ile. Yote aliyoandika alasiri yakaonekana ya zamani kuliko nakala, programu ikayaruka. Na kesho yake ikayaruka tena, kwa sababu tayari yalikuwa ya jana.

“Mwalimu, nani alikwambia ufuate redio?”

“Wewe. Kwenye simu. Ulisema, ‘Weka tu saa wanayotaja redioni.’”

Ni kweli nilisema. Nilikuwa na haraka, na mimi pia nilizaliwa kwenye saa hizohizo za Kiswahili.

Sasa nilijua cha kutafuta: faili zenye muhuri wa saa ulio nyuma ya nakala ya siku ileile, huku nakala zake zikiwa za siku za nyuma. Zilitoka tano. Diski ikagonga mfululizo.

“Sidhani itatoa zote. Nianze na ipi?”

“Unaniuliza?”

Nikaanza na ya bibi. Mshale ulisimama muda mrefu, nikawa nahesabu kimoyomoyo bila kujua nahesabu nini. Kisha ikatoka. Nikaifungua kwenye kompyuta yangu ndogo, nikamsogezea. Akavaa miwani, akashuka hadi pale nakala ilipokatikia.

Ya pili ikatoka. Ya tatu ikagoma. Nikajaribu tena, ikagoma, na baada ya hapo diski haikuzunguka tena.

“Tatu zimebaki humo,” nikasema, nikamtajia majina. “Samahani, Mwalimu.”

“Hao wako hai,” alisema bila kuinua macho. “Nitawafuata. Ngoja kwanza, huyu ndiyo anafika majini.”