Komamanga la Bi Zuhura

Sisi tuliokulia Buguruni tunajua kwamba enzi zetu komamanga lilikuwa na adabu zake. Nyumba tuliyopanga ilikuwa ya Bi Zuhura, mama wa Kiarabu aliyeuza viungo barazani, na uani kwake kulikuwa na mkomamanga mmoja. Sisi tulikuwa wa kuja kutoka Mbeya, hata tunda lenyewe hatukulijua, lakini likiiva Bi Zuhura hakubagua mpangaji.

Alituketisha mkekani, mikono tumenawa, mashati ya shule tumevua, maana doa la komamanga kwenye nguo nyeupe halitoki, na mama angekufua wewe badala ya shati. Alikata kichwa cha tunda, akachana ganda kufuata mistari yake, kisha akalipasua kwa mikono juu ya sinia. Utando mweupe tuliuambua taratibu kwa sababu ni mchungu. Maganda yalianikwa juu ya bati yawe dawa ya tumbo.

"Kila komamanga lina punje moja ya peponi," alituambia, "na hakuna aijuaye ni ipi. Ole wako uidondoshe!"

Basi ikidondoka moja, kula kunasimama, wote tunatambaa mpaka uvunguni mwa kabati. Hata mama yangu, mwanakwaya wa kila Jumapili, alitambaa na kitenge chake.

Baadaye nyumba iliuzwa na mti ukakatwa. Mama aliwahi kuomba tawi, akalipanda kwetu Kimara. Likashika, likawa mti, lakini kila mwaka maua yalipukutika tu. Mama amefariki bila kuona tunda. Bi Zuhura, ambaye sasa anaishi kwa mwanawe Temeke, hakuchoka kuuliza kwenye simu, "Mwanangu, mti umezaa?" Kumjibu "bado" kuliniuma, kwa sababu naye umri umekwenda.

Mwaka huu umezaa. Tunda moja tu! Nililivika soksi ya binti yangu Neema ili popo wasilifikie, naye akanicheka wiki nzima. Lilipoiva, Bi Zuhura akaletwa.

Neema, mtoto wa kizazi cha blenda, alikuwa tayari ameshika kijiko.

"Mama, unalikata katikati, unaligonga mgongoni, fasta limeisha. Nimeona kwenye simu."

Nilitaka kumfokea. Hadithi ya punje nimemsimulia tangu mdogo, macho yake yakiwa kwenye kioo cha simu, nikajua naongea na ukuta.

"Weka kijiko, mjukuu wangu," alisema Bi Zuhura. "Njoo unishikie hapa."

Mikono yake inatetemeka siku hizi. Walilipasua pamoja, wa zamani na wa sasa, na ganda lilipoachia, punje moja iliruka ikapotelea chini ya kochi. Bi Zuhura alinitazama. Nikaanza kujikongoja niiname, magoti haya si yale ya Buguruni.

Lakini Neema alikuwa ameshalala kifudifudi, tochi ya simu imewaka.

"Msile kwanza! Bibi, subiri, msile!"

Alitoka na vumbi kwenye nywele, punje kaibana kwa vidole viwili. Akaenda kuiosha, akaiweka kiganjani mwa Bi Zuhura. Macho yalinijaa machozi, nikamkumbuka mama na kitenge chake. Enzi zetu tuliitafuta kwa kupapasa. Hawa wana tochi.

Bi Zuhura aliitafuna polepole.

"Ndiyo hii," alisema.