Tuta la Tatu Kutoka Msonobari

Saa kumi na mbili asubuhi, umande ungali mzito, Bi Maeng Malsun anafunga miguu ya suruali kwa mpira, anatundika mashine ya kukatia nyasi begani, na kabla ya kuiwasha anapigapiga vichaka kwa fimbo ndefu. Anatafuta nyigu. Mwaka juzi walimuuma mara kumi na moja, akalazwa siku mbili.

Ana miaka sitini na sita. Kazi yake ni kufyeka makaburi ya watu katika vilima vya Bonghwa, Korea Kusini, majuma matatu kabla ya Chuseok, sikukuu ya mavuno ambapo watu huwakumbuka wafu wao, wenyewe wakiwa mijini. Kila kaburi ni won elfu themanini. Akimaliza anamimina pombe ya mchele, anaweka samaki mkavu, anainama mara mbili, anapiga picha na kuituma.

"Watu huniuliza, huogopi wafu?" anasema. "Wafu hawajawahi kuniuma."

Mengi ya makaburi hayo hayana jina. Ni matuta ya udongo yaliyoota nyasi, basi. Miaka sita iliyopita ukoo wa Tak, unaokaa mjini Daegu, ulimwelekeza kwa simu: babu yetu ni tuta la tatu kutoka msonobari uliopinda. Naye akahesabu matatu, akafyeka la tatu, mwaka baada ya mwaka.

Wiki iliyopita mjukuu, Tak Jongu, alimpigia. Jumamosi wangekuja kufukua mifupa, waichome, majivu wayahifadhi mjini, kwa kuwa vijana hawapandi tena mlima. Akamwomba asafishe njia.

Ni katika kusafisha njia ndipo mguu wake ulipogonga jiwe bapa, lile la kuwekea marehemu chakula, limezama kwenye miiba. Nyuma yake udongo ulikuwa umeinuka kidogo tu. Nguruwe mwitu walilibomoa tuta hilo zamani, kabla yeye hajaanza kazi. Akahesabu upya kutoka msonobari. Hili lililobomoka ndilo lililokuwa la tatu. Alilokuwa akilifyeka lilikuwa la nne.

"Nilikaa chini pale pale," anasema. "Hata nyigu sikuwakumbuka."

Hakuna aliyejua. Angenyamaza, wangemchoma mtu baki wakamwita babu, na babu mwenyewe angebaki na miiba yake. Angesema, wateja wote wangejiuliza amekosea makaburi mangapi. Anayo arobaini na mawili.

Alisema. Kwenye simu Jongu akauliza, "Mama, una hakika?"

"Sina. Ndiyo maana nakupigia. Mlete mtu aliyekuwepo siku ya mazishi."

Jumamosi Jongu alipanda na shangazi yake mgongoni. Tak Bunnyeo, binti wa marehemu, ana miaka themanini na minane. Aliposhushwa alipapasa jiwe ukingoni mpaka kidole kikaingia kwenye kona iliyomeguka.

"Ndilo. Lilianguka kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe siku ile. Mama alililia jiwe kuliko alivyomlilia baba." Akamgeukia Bi Malsun. "Kwa hiyo wewe binti, miaka sita jirani ndiye kanywa pombe ya baba yangu?"

"Na samaki kala, bibi. Nisamehe."

"Mchoyo yule! Alipokuwa hai hakumwonjesha mtu hata tone. Mpe na huyo jirani bakuli la mwisho, tusiondoke kimya kimya."

Wakamimina mabakuli mawili. Mifupa ikatolewa chini ya tuta lililobomoka, ikafungwa kwenye karatasi nyeupe, ikateremshwa.

Habari ilifika kijijini kabla ya mifupa hiyo. Mteja mmoja amemwacha Bi Malsun. Watatu wamepiga simu kuuliza, naye amemjibu kila mmoja vilevile: sijui, tutazame pamoja.

Chuseok ikipita, mwezi wa Novemba kabla theluji haijaanguka, anataka kila ukoo umpandishe mzee mmoja anayekumbuka, naye apigilie kigingi chenye jina. Wa kwanza ni babu wa miaka tisini na mmoja kutoka Yeongju, asiye na wa kumbeba.

"Nimemuuliza uzito, kasema kilo arobaini na saba," anasema Bi Malsun, akikaza mikanda ya kichanja cha kubebea kuni mgongoni. "Tutapumzika mara tatu njiani. Mradi asinifie kabla ya Novemba."