Daftari la Moshi, Pongwe

Alhamisi moja, miaka ile ya hamsini, nilikuwa kwenye kaunta ya kiwanda cha chokaa Pongwe, nikisubiri zamu yangu. Akaingia mama mtu mzima na kanzu ya mumewe ya sala ya Ijumaa. Aliianika nyeupe, akaianua imejaa masizi ya tanuri.

"Shikamoo, mama," karani alisema, akafungua daftari alimotakiwa kuandika hali ya moshi kila jioni. "Mbona humu leo imeandikwa moshi kidogo tu?"

"Marahaba. Hebu nisomee na ya kesho."

Karani akateremsha kidole. "Ijumaa, moshi kido..." Akaondoa kidole upesi.

Mama akaitandaza kanzu juu ya ukurasa, akainyoosha kwa viganja. "Haya, nakili hii."

Tanuri lilizimwa zamani. Siku hizi ripoti za moshi huchapwa vizuri, na kila nikiziona naikumbuka kamba ya nguo ya yule mama. Yenyewe haikuwahi kuandika ya kesho.