Ndege Iliyokwama Getini

Harufu ya chuma kinachochomelewa hunirudisha mpaka leo Mutuini, pembeni mwa Nairobi, kwenye ua wetu, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nikiwa darasa la tatu. Baba alikuwa fundi wa mageti pale Dagoretti Corner. Wiki nzima aliwatengenezea watu mageti, na Jumapili tukitoka kanisani alitengeneza ndege. Sitanii. Ilikuwa ya mabomba na mabati, injini kaitoa kwenye pikipiki, na nyuma ya kiti chake aliweka kingine kidogo kilichopimwa kwa mgongo wangu. Kila ndege iliponguruma juu ya mahindi yetu, aliniuliza kama mabawa yake yako juu ya mwili wake au chini. Akaniambia kwamba ndugu wawili walioruka kwanza kwa injini walikuwa mafundi wa baiskeli. "Wa baiskeli, Ciru! Sasa sisi wa mageti tunashindwa na nini?"

Nilimwamini kabisa. Shuleni nilikuwa nimeshawaahidi wenzangu kuwapungia mkono nikipita juu ya darasa, wakanicheka mpaka nikalia, kwa hiyo ilikuwa lazima iruke. Mama hakuipinga ndege, alipinga kiti changu. "Baba Ciru, ruka wewe, mimi nitaomba. Lakini huyu mtoto hapandi hiyo kitu yako." Baba alicheka tu. Mabawa aliyachomelea, hakutaka bolti, kwa sababu bolti hulegea na mteja hurudi na maneno.

Siku ya kuipeleka kwenye shamba la babu lililokwisha kuvunwa, ng'ambo ya barabara, majirani walijaa uani. Mimi nilikuwa kitini, mkanda nimefunga. Wanaume wanane wakaisukuma mpaka getini, ikagoma. Geti lilikuwa futi kumi na mbili. Mabawa, futi ishirini na nane. Na geti lile alilitengeneza Baba mwenyewe! Kushoto na kulia kulikuwa na nyumba za kupangisha za baba mkubwa, zenye watu ndani.

"Fundi, si ukate tu mabawa, alafu uchomelee tena huko nje?" jirani mmoja akasema.

Baba alinitazama pale kitini. "Bomba imekatwa ikaungwa, siwezi wekea mtoto juu yake," akajibu. Akanifungua mkanda, akanishusha. Nilimchukia wiki nzima. Mabomba yale yaliishia kuwa mageti ya watu, na kile kiti kidogo kikabaki barazani.

Siku hizi kazi hunipeleka Kisumu kwa ndege, na tukiipita Mutuini napunga mkono dirishani, mtu mzima kama mimi. Nikitua tu, Baba hupiga simu, kwa kuwa ameisikia ikipita.

"Mabawa yako juu au chini?"

"Juu, Baba. Na yamefungwa kwa bolti."

"Basi ukirudi, uwaambie wazikaze."